Kituo cha Biashara Hulishwa na Nini?

Safari ya kutoka Kasese hadi Bwera ni ya kilomita zipatazo 60 tu, lakini ina mafunzo mengi kwa mtu atazamaye kwa makini. Gari hutoka mjini likaelekea kusini katika uwanda wenye joto, likafika njia panda ya Kikorongo, kisha likageuka kuelekea machweo, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kuume. Lapita Kinyamaseke, lapita Kisinga iliyo karibu na hospitali ya Kagando, na hatimaye lafika Bwera na Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha ndio mpaka kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mahali pengi katika njia hiyo zamani palikuwa na maduka mawili matatu na mti wa kivuli. Leo pana safu za maduka yenye mabati mapya, vituo vya mafuta, vibanda vya kutumia fedha kwa simu, karakana za pikipiki na vyumba vya kupangisha ambavyo rangi yake bado yanuka upya.

Hali ni hiyo hiyo upande wa pili wa mji, katika barabara iendayo Fort Portal. Huko ndiko iliko Rukoki yenye ofisi kuu za wilaya, na mbele zaidi Hima, mji mdogo uliokua mbele ya lango la kiwanda cha saruji. Kwa ufupi, mji wa Kasese haukui katikati tu. Unakua pia kwa vituo vya biashara vilivyo pembezoni, na vijiji vya jana vimekuwa miji midogo yenye halmashauri zake.

Askari aliyehamishwa miaka kumi iliyopita, akirudi leo kwa likizo, huona mageuzi hayo na moyo wake humwenda mbio. Ana akiba kidogo, ana mke na watoto, na anajua kwamba siku ya kustaafu itafika. Rafiki zake humwambia, "Nunua kiwanja upesi, afande, kabla havijakwisha." Huenda wana haki. Lakini wahenga walisema, penye urembo ndipo penye urimbo. Kabla ya kutoa fedha mfukoni, yafaa askari na mkewe wajiulize swali moja: kituo hiki hulishwa na nini?

Maana kituo cha biashara hakijilishi chenyewe. Maduka hayazai fedha. Hupokea fedha iliyozalishwa mahali pengine. Ipo chemchemi inayoleta wanunuzi: mgodi, kiwanda, mpaka, njia panda, hospitali, shule, ofisi ya serikali, kambi, au mashamba ya wakulima. Chemchemi ikibubujika, maduka hushiba. Ikikauka, hata duka lenye rangi nzuri hufungwa kufuli. Na historia ya Kasese yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza.

MGODI NA RELI

Vijana wengi hawajui kwamba Kasese wenyewe ulianza kama kituo cha pembezoni. Kitovu cha mambo kilikuwa Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, kilomita chache mlimani kuelekea magharibi. Huko ndiko kulikochimbwa shaba. Huko zilijengwa nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na mwaka huo huo mgodi ukaanza kutoa shaba kwa wingi. Shaba ililetwa chini kutoka Kilembe, ikapakiwa katika mabehewa Kasese, ikasafirishwa hadi Jinja ambako ilikuwako tanuri ya kuiyeyusha.

Basi palipopakiwa mizigo palikusanyika watu. Walikuja wapagazi, makarani, madereva, washonaji, wauza chai, wenye maduka ya nguo na wenye nyumba za kulala wageni. Mchimbaji wa Kilembe aliyepokea mshahara alishuka Kasese kununua blanketi na baiskeli. Mkulima wa pamba alifika kuuza zao lake, akarudi na sukari na sabuni. Hivyo ndivyo mji ulivyozaliwa: mama yake mgodi, baba yake reli.

Lakini katika miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Bei ya shaba duniani ilishuka, vipuri vikawa adimu, na uchumi wa nchi ukayumba. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, uchimbaji wa shaba Kilembe ulikuwa umesimama. Katika miaka ya 1990 treni nazo zikaacha kufika. Reli iliyojengwa kwa jasho jingi ikafunikwa na majani.

Mtu angetazamia kwamba mji wa Kasese ungekufa. Haukufa. Sababu yake ndiyo kiini cha mafunzo haya. Wakati mgodi ulipolala, Kasese ulikwisha kupata vyungu vingine vya kulia. Wilaya ilikuwa imeanzishwa mwaka 1974, ikiitwa kwanza Rwenzori, hivyo ofisi za serikali zilileta watu wenye mishahara. Pamba ya uwandani na kahawa ya milimani ziliendelea kuuzwa. Barabara ilileta malori badala ya mabehewa. Watalii walipita kwenda Hifadhi ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Baadaye, mwaka 1999, kiwanda kilianza kutoa madini ya kobalti katika mabaki yaliyoachwa na mgodi, nacho kikaajiri watu kwa muda wa miaka zaidi ya kumi kabla ya kusimama. Mwaka 2010 Kasese ukapewa hadhi ya manispaa.

Kwa hiyo aliyekuwa na duka lenye kutegemea wachimbaji peke yao alianguka pamoja na mgodi. Aliyekuwa na duka lililouza chumvi, sabuni na jembe kwa mchimbaji, kwa karani, kwa mkulima na kwa msafiri, alitikisika lakini alisimama. Wote wawili walikuwa katika mji mmoja, na pengine katika mtaa mmoja. Kilichowatenga ni idadi ya vyungu vilivyowalisha.

MPAKA NI CHUNGU KIKUBWA, LAKINI HUFUNIKWA

Bwera na Mpondwe hulishwa hasa na mpaka. Siku za gulio, ambazo kwa desturi ni Jumanne na Ijumaa, maelfu ya watu huvuka kati ya Mpondwe na Kasindi. Kutoka Kongo huja kahawa, mbao, mafuta ya mawese na vitenge. Kutoka Uganda huenda sabuni, chumvi, saruji, mabati, vyombo vya plastiki na vyakula vya viwandani. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa karibu kwa lugha na kwa ukoo, na Kiswahili huwaunganisha na wafanyabiashara watokao mbali zaidi, Beni na Butembo. Mgeni asikiapo bei ikitajwa kwa Kiswahili, ikajibiwa kwa Kikonzo na kulipwa kwa shilingi au kwa faranga, hufahamu mara moja kwamba soko hili halina upande mmoja.

Matumaini yameongezeka katika miaka ya karibuni. Tarehe 16 Juni 2021 marais wa Uganda na Kongo walikutana mpakani hapo kuzindua ujenzi wa barabara za Kongo zenye urefu wa kilomita 223, miongoni mwazo ile ya kutoka Kasindi hadi Beni na ile ya kutoka Beni hadi Butembo. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Habari za namna hii zikivuma, bei ya viwanja nayo hupanda, hata kabla ya kifusi cha kwanza kumwagwa.

Lakini mpaka una tabia yake. Ni chungu kikubwa chenye kifuniko, na kifuniko hicho hakimo mikononi mwa mwenye duka. Wazee wa Bwera wanakumbuka Novemba 1996, waasi wa ADF walipoushambulia mpaka na watu wakakimbia wakiacha milango wazi. Mwezi Juni 2019 maradhi ya Ebola yalivuka kutoka Kongo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa miaka mitano, na mikusanyiko ya watu, magulio yakiwemo, ikasimamishwa wilayani. Mwezi Machi 2020 mipaka ya nchi ilifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona, malori ya mizigo tu yakaruhusiwa. Malori yalipita, naam, lakini mama mwenye beseni la nyanya hakupita. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2023, miaka miwili kamili baada ya sherehe ile ya barabara, waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua wanafunzi wasiopungua 37. Hakuna familia ya askari au ya raia isiyoumia iukumbukapo msiba huo. Nao ulithibitisha jambo ambalo kila mlinzi wa mpaka alijua: biashara huota penye amani, na amani ina watu wanaoilinda usiku wenzao walalapo.

Yafaa lisisahauliwe jambo jingine. Katika miaka ya 1970 mpaka huu ulijulikana kwa magendo. Kahawa ilivushwa usiku kwa sababu bei iliyolipwa na serikali ilikuwa ndogo na fedha ya nchi ilikuwa imepoteza thamani. Waliotajirika kwa magendo walijenga upesi, na wengi walifilisika upesi vile vile, kwa kuwa mali ya kificho haina risiti, haina mahakama, wala haina jirani wa kuitetea. Askari au polisi aliye zamu mpakani hana budi kujihadhari asije akashawishiwa kufumba macho kwa ahadi ya kiwanja. Sare ni dhamana ya taifa. Kiwanja kilichopatikana kwa kuitumia sare vibaya humfuata mwenyewe hadi siku ya kustaafu, na pengine humfuata mahakamani.

KWINGINEKO DUNIANI

Mambo haya si ya Kasese pekee. Mwaka ule ule wa 1956, reli ilipofika Kasese, huko Marekani katika mji wa Edina, jirani na Minneapolis, lilifunguliwa jengo liitwalo Southdale: maduka mengi chini ya paa moja, nje ya mji mkubwa, likizungukwa na uwanja mpana wa kuegesha magari. Mfano huo ulienea nchi nzima. Watu wenye magari waliacha kwenda katikati ya miji, na maduka ya zamani mjini yakadhoofika. Lakini miaka ilipopita na watu wakaanza kuagiza vitu kwa intaneti, mengi ya majengo hayo makubwa ya pembezoni nayo yalifungwa. Chemchemi yao ilikuwa gari la mnunuzi. Mnunuzi alipobaki nyumbani, uwanja wa magari ukabaki mtupu.

Katika Afrika Mashariki, Nairobi ulipata Sarit Centre mwaka 1983 katika mtaa wa Westlands, na Dar es Salaam ukapata Mlimani City mwaka 2006, mbali na Kariakoo. Mwaka 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani cha Dar es Salaam kilihamia Mbezi, kwenye barabara iendayo Morogoro. Wauza chai na wenye nyumba za wageni waliokuwa wakitegemea abiria wa Ubungo waliona wateja wao wakihamishwa kwa siku chache. Hawakukosa bidii, walihamiwa na chemchemi. Mwenye duka katika njia panda ya Kikorongo hana budi kulikumbuka hilo kila anaposikia kwamba barabara itapanuliwa au kuelekezwa upya.

KOPLO NA MKEWE

Na uchukuliwe mfano wa familia moja ya kubuni, ambayo kila kambi inazo nyingi za jinsi yake. Koplo amerudi likizo. Kwa miaka minane ameweka akiba katika chama cha akiba na mikopo, na sasa anaweza kupata Sh. 6,000,000. Amesikia kwamba hatua chache kutoka mpakani kipo kiwanja cha bei hiyo. Jioni, baada ya chakula, anamwarifu mkewe.

"Mama watoto, nimepata kiwanja. Kesho nakwenda kulipa."

Mkewe hakatai. Anaosha mikono, anaketi, kisha anauliza kwa upole, "Baba watoto, umekiona siku gani?"

"Ijumaa. Watu walikuwa tele, hata pa kukanyaga hapakuwa."

"Ijumaa ni siku ya gulio. Twende wote Jumatano tukaone."

Wanakwenda Jumatano. Wanakuta vibanda vitatu kati ya kila vinne vimefungwa. Mama mmoja mzee auzaye sombe na samaki wakavu anawakaribisha kwenye benchi lake.

"Shikamoo, mama," koplo anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kununua samaki au kununua ardhi?"

Wanacheka, wanakiri. Mzee anawaambia bila kuficha: siku mbili katika juma anauza hata anachoka, siku tano anauza kwa majirani tu, yaani walimu, wauguzi wa hospitali na waendesha pikipiki. "Hao majirani ndio walionilisha mpaka ulipofungwa," anasema. "Wa gulio ni mvua ya masika. Majirani ni kisima."

Maneno hayo yanamrudisha koplo nyumbani akiwa na fikira nyingine. Hakuacha nia ya kununua. Aliacha haraka. Yeye na mkewe wakakubaliana kwamba mama akodi kwanza kibanda kidogo, si kwenye mstari wa mpaka bali kwenye njia iendayo shule na hospitali, auze unga wa muhogo, maharagwe, chumvi, mafuta na sabuni kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka huo utawafundisha mengi kuliko dalali yeyote.

MALI BILA DAFTARI

Hesabu ya kibanda kama hicho ni rahisi, nayo yafaa ifanywe mezani kabla ya kufanywa sokoni. Iwapo mtaji ni Sh. 300,000 na faida ya siku ni Sh. 8,000, kwa siku 26 za kazi faida ni Sh. 208,000. Zikitolewa Sh. 50,000 za kodi ya kibanda na Sh. 40,000 za usafiri na ushuru, zinabaki Sh. 118,000. Si haba. Lakini muuzaji akikopesha Sh. 100,000 kwa wateja wasiolipa, mwezi mzima wa kuamka alfajiri umeleta Sh. 18,000 tu.

Hapo ndipo vibanda vingi vya karibu na kambi hufia. Mteja ni rafiki wa mume, au ni mke wa mkubwa wake, na mwenye duka huona haya kumdai. Jamaa huja kuchukua sukari "mpaka mwisho wa mwezi", na mwisho wa mwezi huja na shida zake. Dawa yake ni ile iliyosemwa na wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila deni liandikwe jina, tarehe na kiasi, naye mkopaji atie sahihi. Kiwekwe kiwango ambacho hapana mtu atakayekivuka, hata akiwa shemeji. Mwenye nyumba naye asichukue fedha ya kibanda kwa ajili ya bia akidhani ni mshahara wa pili. Fedha hiyo ni mbegu, na mwenye kula mbegu atalima nini?

MAMBO YA KUCHUNGUZA KABLA YA KUNUNUA

Mwaka wa majaribio ukiisha na familia ikiamua kununua, yapo mambo matano ya kuchunguza.

La kwanza ni vyungu. Vihesabiwe vitu vinavyoleta wanunuzi katika kituo hicho. Kikiwa kimoja tu, iwe mpaka, kiwanda au gulio, familia isiweke humo akiba yake yote. Vikiwa vitatu au vinne, kama vile shule, hospitali, njia panda na wakulima wa kahawa, kimoja kikifunikwa vingine huendelea kupika.

La pili ni maji. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabomoa nyumba na madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Kiwanja cha bei nafuu kilicho kando ya mto kina sababu ya kuwa nafuu. Tangu mwaka 2000 kanuni za mazingira za Uganda zinahifadhi kingo za mito: mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa na mita 30 kwa mingineyo. Waulizwe wazee maji yalifika wapi, kisha ijengwe juu zaidi ya hapo.

La tatu ni barabara. Katika kila barabara kuu ipo hifadhi yake, na aliyejenga ndani ya hifadhi huvunjiwa barabara inapopanuliwa. Afisa mipango wa halmashauri ndiye wa kuulizwa, si dalali. Aidha Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 imeifanya nchi nzima ya Uganda kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo hata kituo cha kijijini hakijengwi bila kibali.

La nne ni hati na mashahidi. Ardhi nyingi ya Kasese humilikiwa kwa mila, na ardhi ya mila ina watu wengi nyuma yake: kaka, shangazi, mjane na watoto. Mnunuzi atake kuwaona wote, pamoja na mwenyekiti wa kijiji na majirani wa mipaka minne. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2004, inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila idhini ya mke au mume. Maana yake ni mbili. Askari asinunue kwa mume ambaye mkewe hajasema neno. Wala naye asije akaiuza ardhi ya nyumbani kwake akiwa kambini, mama watoto akapata habari kwa jirani.

La tano ni uhamisho. Askari na polisi huhamishwa. Kiwanja kilicho mbali na ndugu, bila mtu wa kukitazama, huota majani kwanza, kisha huota mgogoro. Kama hapana jamaa mwaminifu, ni bora akiba ikae katika chama cha ushirika. Wanajeshi wa Uganda wanacho chama chao cha Wazalendo, na polisi wanacho chao cha Exodus. Akiba haiozi.

WAJIBU WA KITUO CHENYEWE

Kituo kinachokua hudai pia adabu ya wakazi wake. Watu wakiongezeka, vyoo navyo viongezeke. Mafunzo ya mwaka 2019 ya kunawa mikono kila penye lango la soko hayakufaa yaishe pamoja na maradhi. Watoto wa shule wasigeuzwe wachuuzi siku za gulio, wala binti asitumwe kuuza katika vilabu vya pombe usiku. Faida inayopatikana kwa kumtoa mtoto darasani ni deni litakalolipwa na yeye mwenyewe maisha yake yote.

Wale wazee waliotelemka Kilembe na mishahara yao wakati wa mgodi, wengi hawapo tena. Lakini nyumba zilizojengwa kwa uangalifu zingali zimesimama Kasese, na ndani yake wanakaa wajukuu ambao hawakupata kuiona shaba. Waliozijenga walinunua pahali pa kuishi kwanza, na pahali pa kufanya biashara baadaye. Ndivyo alivyoamua pia koplo wa mfano huu. Likizo yake ilipokwisha alirudi kazini bila kiwanja, akiwa na akiba yake yote isipokuwa mtaji wa kibanda. Mkewe alibaki na funguo za mlango mmoja wa mbao, mizani ndogo, na daftari jipya ambalo ukurasa wake wa kwanza ulikuwa umeandikwa tarehe.